Redio ya Mtumba Isiyoshika

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida huja na redio inayoshika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Tanzania, kama nchi nyingi duniani, hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108. Masafa ya pande hizo mbili hukutana kwenye kipande cha megahezi 2.5 tu. Ndiyo maana Toyota Noah au Probox iliyoingia Mvumi, wilayani Kilosa, ikitokea bandarini Dar es Salaam inaweza kuwa na injini safi, spika nzima na redio isiyo na kasoro hata moja, lakini dereva akizungusha kitufe anaambulia mkwaruzo mtupu. Redio hiyo si mbovu. Imejengwa kusikiliza nchi nyingine.

Asili ya jambo hili ni televisheni. Japani ilipogawa masafa yake, chaneli 1, 2 na 3 za televisheni ziliwekwa kati ya megahezi 90 na 108, mahali ambapo nchi nyingine ziliweka redio. Matangazo ya televisheni ya analojia yalizimwa Julai 2011 katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, na kuanzia mwishoni mwa 2014 kipande cha 90 hadi 95 kilianza kutumiwa na vituo vya redio. Baadhi ya magari ya baada ya hapo hufika 95. Corolla au Noah ya mwaka 2000 haimo kwenye neema hiyo. Upande wa AM hauna tatizo, kwa kuwa Japani na Tanzania zote hupanga vituo vyake kwa hatua za kilohezi 9, ila siku hizi wasikilizaji wengi wamehamia FM.

Dawa ya bei nafuu ni kifaa kidogo, karibu ukubwa wa kiberiti, kinachouzwa kwa jina la ekspanda. Huchomekwa kati ya waya wa antena na redio, kikapewa umeme wa volti 12. Ndani yake mna fuwele inayotetemeka kwa masafa yasiyobadilika, tuseme megahezi 15. Mawimbi yanayotoka kwenye antena yakichanganywa na mtetemo huo, huzaliwa wimbi jipya lenye masafa yaliyopungua kwa 15. Kituo cha 100.0 huonekana kwenye redio kama 85.0. Dereva hujifunza kutoa hesabu kichwani, na baada ya siku chache hakumbuki tena kwamba anatoa.

Hata hivyo hesabu hiyo ina ukomo. Redio ya Kijapani ina upana wa megahezi 14, na FM ya Tanzania ina upana wa 20.5. Kikapu cha debe moja hakiwezi kupokea debe moja na nusu. Ekspanda ya 15 huleta vituo vya 91 hadi 105, na cha 106.5 kinabaki nje. Ya 18 huleta vya 94 hadi 108, na vya chini vinapotea. Juu ya hilo, mawimbi yenye nguvu ya kati ya 87.5 na 90 hupenya bila kuguswa, yakaja kugongana na yaliyoshushwa: mahali kituo cha 103.3 kinapotua, pale 88.3, huenda tayari pana mwenyeji. Sauti mbili zikisikika kwa pamoja, watu humlaumu fundi. Kabla ya kununua ekspanda, inafaa kuandika masafa ya vituo vinavyosikilizwa zaidi nyumbani, kisha kuchagua namba inayovibeba. Ni dakika tano za kalamu na karatasi, na ni watu wachache mno wanaofanya hivyo.

Magari yenye skrini ya ramani huongeza kisa chao. Nyingi za skrini hizo zinategemea kadi au diski ya ramani ya Japani, na zile za Toyota mara nyingi hujifunga kwa namba ya siri pindi betri inapofunguliwa. Betri ikifa au ikibadilishwa, skrini huamka na maandishi ya Kijapani yasiyosomeka na mlango wa kuingizia namba ambayo mwenye gari wa kwanza, aliyeko Osaka au Nagoya, ndiye aliyekuwa nayo. Hapo kubadilisha redio nzima huwa na maana kuliko kuhangaika.

Redio mpya za dukani zimefuata vipimo vya milimita 180 kwa 50 kwa zile nyembamba, na 180 kwa 100 kwa zile za skrini. Toyota iliacha tundu la milimita 200, hivyo pembeni hubaki mianya inayozibwa kwa vipande vya plastiki. Kazi yenyewe huanza kwa kung'oa fremu ya deshibodi iliyoshikwa na klipu. Plastiki iliyokaa juani miaka 20 hukatika kama biskuti, kwa hiyo fundi makini hubandua kwa kipande cha plastiki au bisibisi iliyofungwa kitambaa, akianzia chini. Nyuma yake kuna bolti nne za spana namba 10, kisha redio hutoka na soketi zake mbili: ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, na ya pini 6 yenye spika za nyuma.

Kwenye soketi ya Toyota, waya wa bluu wenye mstari wa njano ndio wa umeme wa kudumu, wa kijivu ni wa umeme wa ufunguo, na wa kahawia ni wa hasi. Redio mpya hutumia njano, nyekundu na nyeusi kwa mpangilio huo huo. Adapta ya soketi hugharimu kidogo na huokoa waya za gari zisikatwe. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu hulegea kwa joto na mtikisiko wa barabara, na ndizo huleta redio inayozima kila gari likipita shimo. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio husahau vituo kila ufunguo unapozimwa. Zikiunganishwa zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio yaweza kulala inanyonya betri, na asubuhi gari linasukumwa.

Kosa linaloua redio kabisa ni la waya za spika. Katika baadhi ya magari ya zamani, hasi za spika zote zilifungwa kwenye bodi. Redio za sasa husukuma umeme kwa zamu kwenye waya zote mbili za kila spika, na hakuna hata mmoja ulio hasi kweli. Ukigusishwa bodi, ampu, yaani kikuza sauti cha redio, hujizima ikiwa ina kinga. Kama haina, huungua.

Mtindo huo wa kusukuma ndio unaoeleza maandishi ya "50W x 4" yaliyochapwa kwenye karibu kila redio. Gari likiwa linaunguruma, alteneta hutoa volti 14.4 hivi. Spika ina ukinzani wa omu 4. Volti 14.4 mara 14.4, gawanya kwa 4, ni karibu wati 52, na hiyo ni kwa sauti iliyokatwa kabisa kuwa mstatili, yaani mlio wa kuumiza sikio. Kwa muziki safi kikomo hakivuki wati 26, na kwa kawaida ni pungufu. Hakuna ampu inayofanya kazi moja kwa moja kwenye umeme huo bila kuupandisha ambayo itapita hapo, hata boksi lake liwe limeandikwa wati 1,000.

Mikumi, palipo kituo cha malori ya barabara ya TANZAM, kuna hesabu nyingine. Fuso na Scania hutumia volti 24 kutoka betri mbili zilizofuatana. Wapo wanaochukua volti 12 za redio kwenye betri moja tu. Redio hulia vizuri, ila betri hiyo hudhoofika na mwenzake huzidishiwa chaji, na zote mbili huisha kabla ya wakati. Kigeuzi cha kutoka 24 kwenda 12 huondoa taabu hiyo.

Redio ambayo kweli imeharibika hujitambulisha kwa dalili. Ikiwa kimya na bila taa, huanziwa kwenye fyuzi mbili: ya sanduku la gari, na ile ndogo iliyo mgongoni mwa redio yenyewe. Ikilia filimbi inayopanda na mwendo wa injini, kelele inatoka kwa alteneta, na mara nyingi waya wa hasi umelegea au umeota kutu. CD inayorukaruka huwa na vumbi kwenye lenzi ya leza. Pamba yenye spiriti hutosha. Sauti inayopotea gari likichemka na kurudi likipoa huashiria risasi ya kulehemu iliyopasuka au kapasita zilizokauka, kazi ya fundi wa elektroniki mwenye subira. Sauti ya kukoroma kwa upande mmoja ni ya spika, si ya redio: karatasi imechanika au ukingo wake umeoza.

Hubaki antena. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na fimbo inayofaa ni robo yake, sentimita 75. Fimbo iliyovunjika kwa tawi na kuachwa kisiki hupokea kidogo mno. Hata ikiwa nzima, FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mnara wa mita 100 kwenye tambarare humfikia msikilizaji wa garini umbali wa kilomita 46 hivi, halafu mviringo wa dunia unamficha. Wilaya ya Kilosa ina milima ya Ukaguru na Rubeho, kwa hiyo kivuli huja mapema zaidi. Kituo kilichokuwa safi Kilosa mjini huanza kukwaruza barabara inaposhuka bondeni kuelekea Mikumi, na hapo hakuna waya wa kukaza. Gari likipanda mwinuko, kituo hurudi chenyewe.