Kompyuta Inapojikokota: Foleni Isiyoonekana

Malalamiko kwamba kompyuta ni nzito yana umri sawa na kompyuta zenyewe. Tangu mashine hizi zilipoingia majumbani na kuunganishwa na intaneti, lalamiko hilo limepata ndugu yake: mtandao uko chini. Aghalabu malalamiko hayo mawili hutolewa kwa pumzi moja, na dawa inayotafutwa ni moja tu, yaani fedha. Mwenye nyumba hununua kifurushi kikubwa zaidi. Mkuu wa shule huiandikia bodi barua ya kuomba kompyuta mpya. Fedha zikishatoka, mara nyingi uzito hubaki pale pale ulipokuwa. Shule yenye kompyuta 10 na laini moja ya intaneti haina fedha za kubahatisha, na kwa hiyo yafaa jambo hili lichunguzwe kwa njia ya sayansi: kupima kwanza, kulaumu baadaye.

Mmoja wa watu waliolichunguza hivyo ni mhandisi wa Kimarekani, Jim Gettys, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell. Mwaka 2010, akiwa nyumbani kwake katika jimbo la Massachusetts, alikuwa akituma mafaili mengi ya zamani kwenda kwenye kompyuta iliyokuwa katika chuo cha MIT. Wakati huo huo watu wa nyumbani kwake wakawa wanalalamika kwamba intaneti ni nzito. Gettys alipopima, aligundua kwamba ujumbe mdogo ambao kwa kawaida ungekwenda na kurudi kwa takriban milisekunde 10 ulikuwa ukichukua zaidi ya sekunde moja. Laini haikuwa imekatika wala haikuwa mbovu. Mafaili yalikuwa yakitoka kwa kasi ile ile iliyolipiwa. Pamoja na hayo, mtu aliyetaka kufungua ukurasa mmoja tu alikaa akitazama kioo kitupu.

Ili kulielewa fumbo hilo, lazima yatenganishwe mambo mawili ambayo matangazo ya biashara huyachanganya. La kwanza ni uwezo wa njia, yaani idadi ya biti zinazoweza kupita katika sekunde moja. La pili ni muda ambao ujumbe mmoja hutumia kwenda na kurudi. Lori lililosheheni magunia ya mahindi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam hubeba shehena kubwa kuliko pikipiki, lakini wingi wa magunia haufupishi safari hata kwa dakika moja. Laini yenye kasi kubwa zaidi katika tangazo ni lori kubwa zaidi. Ukurasa wa intaneti, kwa upande wake, kabla ya kufunguka hudai maswali na majibu mengi madogo madogo baina ya kompyuta mbili, na kila swali hungoja jibu la lililotangulia. Hapo kinachotakiwa ni safari fupi.

Sasa, safari hiyo hurefushwa na nini? Kila ujumbe katika intaneti hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kwa kawaida pakiti moja haizidi baiti 1,500 hivi. Pakiti zikifika kwenye ruta kwa kasi inayozidi uwezo wa njia ya kutokea, hupangwa foleni katika sehemu ya kumbukumbu ambayo mafundi huiita bafa. Bafa ni kitu cha lazima. Bila hiyo, kila mkurupuko mdogo wa pakiti ungepotea. Matatizo huanza bafa inapokuwa kubwa kupita kiasi. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe. Ruta yenye bafa ya kilobaiti 250 imefungwa kwenye laini inayotoa kilobiti 1,000 kwa sekunde. Kilobaiti 250 ni sawa na kilobiti 2,000. Kwa hiyo bafa ikijaa, pakiti inayofika mwishoni mwa foleni itangoja sekunde 2 kamili kabla hata ya kutoka mlangoni, iwe imebeba filamu nzima au herufi moja.

Msomaji atauliza: kwa nini kompyuta inayotuma isipunguze mwendo ionapo foleni? Jibu limo katika historia. Mwezi wa Oktoba 1986 mawasiliano baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mahali pawili palipotengana kwa yadi 400 tu, yalishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikituma pakiti, zikikosa majibu, kisha zikizituma tena zile zile, na kwa kufanya hivyo zikazidi kuisonga njia. Van Jacobson, aliyekuwa mtafiti katika maabara hiyo, alitafuta dawa na kuichapisha mwaka 1988. Kwa kanuni yake, kompyuta huongeza mwendo kidogo kidogo mpaka pakiti ipotee. Kupotea kwa pakiti ndiyo ishara ya kwamba njia imejaa, na hapo mtumaji hupunguza mwendo. Kanuni hiyo iliiokoa intaneti, na kizazi chake kingali kinatumika.

Hapo pana kinaya kinachofaa kuzingatiwa. Katika miaka iliyofuata bei ya kumbukumbu ilishuka sana, nao watengenezaji wa ruta na modemu wakaziwekea bafa kubwa, wakiamini kwamba kupoteza pakiti ni kosa daima. Nia ilikuwa njema. Lakini bafa kubwa huificha ile ishara: pakiti hazipotei, bali hukaa tu zikingoja, na mtumaji, asiyepata onyo lolote, huendelea kuongeza mwendo mpaka foleni inafikia sekunde nzima au zaidi. Gettys aliupa ugonjwa huo jina lenye maana ya bafa iliyovimba. Mwaka 2012 Kathleen Nichols pamoja na Jacobson yule yule walitangaza kanuni mpya, CoDel, ambayo haitazami urefu wa foleni bali muda ambao kila pakiti imekaa ndani yake. Muda huo ukiendelea kuzidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, ruta huanza kutupa pakiti chache kwa makusudi ili mtumaji aonyeke. Mwaka huo huo kanuni hiyo iliingizwa katika mfumo wa Linux, na ruta nyingi za nyumbani zinazoendeshwa na Linux zinaweza kuitumia, ingawa si zote zilizowashiwa.

Jaribio la kuugundua ugonjwa huu halihitaji maabara. Karibu kila kompyuta ina amri iitwayo ping, ambayo hutuma pakiti ndogo na kupima muda wa kurudi kwake. Kwanza amri hiyo ielekezwe kwenye ruta iliyomo chumbani. Majibu yakichukua milisekunde chache, njia ya ndani ni nzima. Yakirukaruka kutoka 3 hadi 300, kosa limo humo humo ndani: kuta nene, umbali, au majirani wengi wanaotumia masafa yale yale ya redio, na hata jiko la maikrowevu, ambalo hufanya kazi katika masafa ya gigahezi 2.4 kama Wi-Fi nyingi. Katika hali hiyo, waya wa meta tano huponya kile ambacho kifurushi kikubwa hakitaponya. Baada ya hapo pakiti zitumwe nje, kwenye kompyuta ya mbali, wakati laini haina kazi. Kisha zitumwe tena wakati faili kubwa likipakiwa kwenda nje. Muda ukipanda kutoka milisekunde 120 hadi 1,500, foleni imeonekana. Mkosaji huwa mara nyingi ni simu iliyowekwa mezani bila kushukiwa na mtu, ikizituma picha za siku nzima kwenye hifadhi ya mbali. Ikiwa ruta haina kanuni mpya, basi mzigo huo na upangiwe saa za usiku.

Upo ucheleweshaji usiotibika nyumbani. Mwanga katika nyuzi za kioo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kebo ya kilometa 10,000 basi hudai milisekunde 100 kwenda na kurudi, na hakuna fundi atakayezipunguza. Kabla ya Julai 2009, ilipoanza kazi kebo ya Seacom, mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki na nchi za ng'ambo yalipitia setilaiti zilizo kilometa 36,000 juu ya ikweta, na swali na jibu lake vilipanda na kushuka karibu kilometa 144,000, yaani nusu sekunde hivi. Tarehe 12 Mei 2024 Seacom na EASSy zilipokatika kwa pamoja upande wa kusini, Tanzania na jirani zake walipata shida kubwa ya mtandao. Siku kama hiyo kuibadilisha ruta ni kazi bure.

Ikiwa vipimo vyote hivyo ni vizuri na kompyuta ingali inajikokota, foleni imehamia ndani ya mashine. Kila kompyuta ina kumbukumbu ya kufanyia kazi na diski ya kuhifadhia. Programu zilizofunguliwa zikizidi kumbukumbu, mfumo endeshi huhamishia baadhi ya kurasa zake kwenye diski, kisha huzirudisha zinapohitajiwa. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza jinsi hali hii inavyoweza kupita mpaka, mashine ikawa inahamisha kurasa tu na kazi yenyewe haisogei. Sababu ni tofauti ya kasi: kumbukumbu hujibu kwa nanosekunde 100 hivi, ilhali diski ya kuzunguka hudai milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Kama kuokota kalamu mezani ni kazi ya sekunde moja, kuingoja diski ni sawa na kuifuata kalamu hiyo mji mwingine na kurudi baada ya saa 28.

Ugonjwa huu nao huonekana. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja, hufunguka orodha ya kazi zinazoendelea. Kumbukumbu ikiwa imejaa kwa asilimia 95, diski ikihangaika kwa asilimia 100, na prosesa ikipumzika kwenye asilimia 10, mashine haikosi nguvu, inakosa nafasi. Zifungwe kwanza zile kurasa 40 za kivinjari ambazo hakuna anayezisoma, na programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi. Hali isipobadilika, kuongeza kumbukumbu, au kuiondoa diski ya kuzunguka na kuweka ile isiyozunguka, ambayo hujibu takriban mara 100 upesi zaidi, hugharimu sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Barua ya kwenda kwa bodi inaweza kuandikwa upya kwa tarakimu hizo.