Kabla ya Kuuliza "Nani"

Siri yenyewe ilitoka wakati wa kula. Ilikuwa likizo ya Krismasi, Louisville, bukari na sombe mezani, na kaka mkubwa wa mmoja wetu alikuwa ndiyo kwanza ameamka, saa kumi jioni, kama ilivyo kwa watu wa zamu ya usiku. Anafanya kazi kwa mkandarasi mdogo katika uwanja wa kupangia mabehewa ya mizigo. Akiwa ananawa mikono akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba wiki mbili zilizopita mabehewa matatu yalianza kutembea yenyewe gizani. Yalisogea hatua ishirini hivi, yakasimama. Hakuna aliyeumia. Yeye na mwenzake walikaza breki za mkono, wakatazamana, wakaendelea na kazi. "Tusiliseme hili," mwenzake alimwambia. Hawakulisema.

"Sasa kama hakuna aliyeumia, unatuambia ya nini?" mama aliuliza. Kaka akacheka. Mdogo wake, mwanachama wa klabu yetu, hakucheka. Januari alikuja na habari hiyo kwenye mkutano wetu wa kwanza wa muhula.

Sisi watatu tulioandika makala haya tunatoka Louisville, Columbus na Buffalo, na katika mitaa yote mitatu tunayokaa treni za mizigo ni kama jogoo: zinatuamsha, na hakuna anayeshangaa. Tulikaa na swali la kaka kwa miezi miwili. Mtu hufundishwaje kuchunguza ajali ya treni? Na ile ambayo haikutokea, nani anaichunguza? Tulihangaika kutafuta jina lake kwa Kiswahili mpaka mwalimu wetu akatuambia kuwa jina tulikuwa nalo tangu utotoni: nusura. Nusura ajali. Tangu siku hiyo tumelitumia neno hili mpaka wenzetu wamechoka.

Hapa Marekani ajali kubwa za reli huchunguzwa na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, inayojulikana kwa herufi NTSB, iliyoundwa mwaka 1967. Huchunguza pia ndege, meli na mabomba ya mafuta na gesi. Jambo lililotushangaza ni kwamba haitafuti wa kumfunga wala wa kumlipisha. Sheria hairuhusu ripoti yake itumike kama ushahidi katika kesi ya kudai fidia. Kazi yake ni kueleza kilichotokea, kwa nini kilitokea, na nini kibadilishwe. Mapendekezo yake nayo si amri. Aliyepelekewa anaweza kuyaweka kabatini.

Bodi hiyo ilifungua kituo cha mafunzo Ashburn, Virginia, mwaka 2003. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kazi hii walisoma pale kando ya mabaki ya ndege ya TWA 800, iliyoanguka baharini mwaka 1996 ikiwa na watu 230. Vipande viliopolewa baharini vikaunganishwa upya kimoja kimoja. Fikiria darasa ambalo ubao wake ni ubavu wa ndege iliyopasuka.

Mafunzo yenyewe, kwa kadiri tulivyoyaelewa, yana mambo ambayo fundi yeyote mzuri wa gereji angeyatambua. Kwanza unakusanya kile kinachopotea haraka: alama kwenye reli, breki ilikuwa imekazwa kiasi gani, kumbukumbu za mitambo, hali ya hewa, maneno ya watu kabla hawajasimuliana. Pili unajifunza kumhoji mtu bila kumtisha wala kumwekea maneno mdomoni. Tatu, na hapa ndipo tulipokwama sisi, unajifunza kutosimama kwenye kosa la kwanza unalolikuta.

Tulijaribu kwa ajali ya karibu. Februari 3, 2023, saa tatu kasoro usiku, treni ya Norfolk Southern yenye mabehewa karibu 150 ilifika East Palestine, mji mdogo wa Ohio mpakani mwa Pennsylvania. Mabehewa 38 yaliacha reli, 11 kati yake yakiwa na kemikali za hatari. Hakuna aliyekufa. Siku tatu baadaye matangi matano ya vinaili kloridi yalitobolewa na kuchomwa kwa makusudi, na wingu jeusi likaonekana duniani kote. Ripoti iko wazi kwa kila mtu. Mwenzetu wa Columbus aliisoma yote, sisi wawili tukasoma nusu nusu.

Tuliwauliza wanachama kumi na mmoja: nani alikosea? Tisa wakajibu: dereva. Basi tukaanza kufungua ripoti. Chanzo kilikuwa beringi ya gurudumu moja iliyopata moto. Kando ya reli kuna mitambo ya kupima joto la beringi treni inapopita. Wa kwanza ulisoma nyuzi 38 za Farenhaiti juu ya joto la hewa. Maili 10 mbele, wa pili ulisoma 103. Wa tatu ulikuwa maili 20 zaidi, ukasoma 253, king'ora kikalia, dereva akasimamisha treni. Beringi ilikuwa imekwisha kufa.

Kwa nini treni haikusimamishwa kwenye 103? Kwa sababu kiwango cha kusimamisha kilikuwa 170. Nani aliweka kiwango hicho? Kampuni yenyewe, kwa kuwa hakukuwa na kanuni ya serikali kuu kuhusu mitambo hiyo, wala kuhusu umbali kati ya mmoja na mwingine. Isitoshe, wachunguzi walieleza kwamba joto linalosomwa kwa nje linaweza kuwa dogo sana kuliko lililomo ndani ya beringi. Ni kama kumpima mtoto homa kwa kugusa blanketi.

Na ule moto wa makusudi? NTSB ilisema haukuwa wa lazima. Wataalamu wa kampuni iliyotengeneza kemikali hawakuona dalili kuwa matangi yanakaribia kulipuka, lakini maelezo yao hayakumfikia mkuu wa zimamoto aliyetakiwa kuamua. Ujuzi ulikuwepo, ila ulikaa chumba kingine. Juni 25, 2024, bodi ilikwenda kuyasema haya hadharani palepale East Palestine, katika shule ya sekondari, mbele ya wenye mji. Kati ya yote tuliyoyasoma, hili ndilo tulilolipenda zaidi.

Mwenzetu wa Columbus alimsimulia mama yake na jirani zake wawili, kwa Kiswahili, kikao cha chai nzima. Columbus nayo ina yake: Julai 11, 2012 treni iliacha reli karibu na viwanja vya maonyesho vya jimbo, ethanoli ikawaka usiku, watu wa jirani wakahamishwa. Jirani mmoja, mama wa makamo ambaye dirisha lake linatazama reli, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Wakija kutuamsha tuhame, watatuambia kwa lugha gani?" Tuliitafuta lugha katika ripoti ile. Swali lake ni zuri kuliko yetu yote, na tumelipeleka kwa ofisi ya dharura ya kata. Bado tunasubiri jibu.

Turudi kwa mabehewa yanayotembea yenyewe, maana ndiyo yaliyotuleta hapa.

Julai 6, 2013, Quebec, Kanada. Treni ya mafuta ghafi iliachwa usiku kwenye mteremko bila mtu ndani. Injini ilishika moto, zimamoto wakaizima, na ilipozimwa upepo wa breki ukaanza kuvuja polepole. Breki za mkono zilizokazwa zilikuwa saba, na hazikutosha. Treni iliteremka hadi katikati ya mji wa Lac-Mégantic. Watu 47 walikufa. Wafanyakazi watatu walishtakiwa, na Januari 2018 wote wakaachiwa huru. Wachunguzi wa Kanada, ambao hawakuwa wakitafuta mshtakiwa, waliorodhesha visababishi 18. Kumi na nane! Mtu mmoja aliyechoka ni kimoja tu, na ukimfukuza kazi bado kumi na saba vimebaki uwanjani.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi hii ina jina: Msagali. Juni 24, 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kwenye mlima wa Igandu, mkoani Dodoma, ikaanza kurudi nyuma. Ilishuka kwa kasi mpaka ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake kwenye reli hiyo hiyo. Watu 281 walikufa. Mama wa mwenzetu wa Buffalo ni mzaliwa wa Kigoma, na alipanda treni ya reli ya kati mara nyingi baada ya hapo. Anasema walipofika Igandu behewa zima lilinyamaza, hata wauza karanga, na mtu mmoja akianza kuomba dua wote waliitikia, Waislamu kwa Wakristo. Ndiyo mafunzo ya usalama aliyoyapata abiria.

Tulipokuwa tukisoma habari za Msagali tulikutana na jina jingine, Tenga. Mei 25, 2002, Msumbiji, mabehewa ya abiria yaliteremka yenyewe mlimani na kugonga ya mizigo. Yalikuwa yamezuiwa kwa mawe. Watu 192 walikufa. Hesabu tarehe: siku 30 kabla ya Msagali, katika nchi inayopakana na Tanzania. Hatudai kwamba ajali hizi mbili zilikuwa na chanzo kimoja. Tunasema tu kwamba siku 30 ni muda mfupi mno kwa somo kuvuka mpaka, hasa kama hakuna aliyeajiriwa kulibeba.

Buffalo isijione. Desemba 18, 1867, maili kama 20 kutoka mjini, pale Angola, mabehewa ya mwisho ya treni iliyokuwa ikikimbia kufidia kuchelewa yalitumbukia darajani na kuwashwa na majiko yao ya kupashia joto. Walikufa karibu watu 50. Enzi hizo breki zilikazwa kwa mikono, behewa kwa behewa. George Westinghouse alipata hataza ya breki yake ya upepo mwaka 1869. Sheria ya kulazimisha breki za upepo ilipitishwa 1893. Ukilinganisha na hapo, Msumbiji na Tanzania hatuwezi kuzilaumu sana.

Mwezi Machi mwenzetu wa Louisville alirudi nyumbani kumhoji kaka yake, kalamu mkononi. Jaribio la kwanza liliharibika ndani ya dakika moja. Aliuliza, "Kwa nini hukukaza breki?" Kaka akajibu, "Nani kakwambia ni mimi?" akaondoka kwenda kuwasha runinga. Swali lilikuwa limekwisha kutoa hukumu.

Kesho yake alianza upya: "Kaka, nisimulie usiku ule tangu ulipofika." Akanyamaza. Kunyamaza, anasema, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, hasa mbele ya kaka mkubwa anayependa kusimamisha maneno katikati. Yakatoka polepole. Mvua ilikuwa imeganda. Ilikuwa saa ya kumi na moja ya zamu. Aliyeanza kukaza breki za mabehewa yale aliitwa upande wa pili wa uwanja kabla hajamaliza, na hakukuwa na mtu wa kumkabidhi kazi wala karatasi ya kuandika alipoishia. Taa ya upande ule ilikuwa imekufa tangu mwezi uliotangulia. Gurudumu la breki la behewa la kati lilikuwa gumu, na ukilizungusha ukiwa na glavu zilizolowa unadhani limefika mwisho kumbe bado. Tulihesabu: visababishi sita, na hatujafika kwa "nani".

Je, apeleke wapi habari hii? Tangu 2007 Utawala wa Shirikisho wa Reli una mpango wa kupokea taarifa za nusura ajali kwa siri. Zinapokelewa na NASA, ndiyo, hao hao wa mwezini, ambao wamefanya kazi hiyo kwa ndege tangu 1976. Wanafuta majina, wanabakiza somo, na mfanyakazi haadhibiwi. Januari 2024 Norfolk Southern ilijiunga kwa majaribio pamoja na vyama viwili vya wafanyakazi. Lakini kinga hiyo inawahusu wa kampuni zilizokubali kujiunga. Mkandarasi wa kaka hayumo.

Tulimwonyesha kaka makala haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Aliyasoma amesimama, akafuta tarehe na jina la uwanja, jambo tulilolitegemea. Akarudisha karatasi, kisha akaichukua tena na kuandika pembeni kwa mkono wake: "Taa wametengeneza. Gurudumu bado gumu."