Missouri: Kura za Fungu, Kura za Mojamoja

Novemba 5, 2024, mpiga kura wa Missouri, jimbo lililo katikati ya Marekani, alikabidhiwa karatasi ndefu yenye majina ya wagombea na maswali ya ndiyo au hapana. Kwenye majina, Donald Trump wa Republican alizoa zaidi ya asilimia 58 ya kura za urais. Seneta Josh Hawley, Mrepublican anayejulikana kwa kupinga utoaji mimba, naye alirudishwa kitini bila jasho kubwa. Kwenye maswali, mambo yalikuwa mengine kabisa. Jimbo hilohilo, siku hiyohiyo, liliidhinisha kwa karibu asilimia 52 haki ya utoaji mimba iandikwe katika katiba yake. Likaidhinisha pia, kwa karibu asilimia 58, kima cha chini cha mshahara kipande hadi dola 15 kwa saa, pamoja na likizo ya ugonjwa yenye malipo. Yote hayo ni madai ya Democratic, chama kilichokuwa kimeangushwa vibaya kwenye karatasi ileile.

Wapo waliosema watu wa Missouri wamechanganyikiwa. Anayekwenda sokoni hawezi kushangaa sana. Nyanya za fungu zimekwisha kupangwa na mwenye meza: ukizitaka, unabeba na ile iliyobonyea. Ukichagua mojamoja, unaacha usichokitaka. Chama cha siasa ni fungu, na Marekani yapo mawili tu yenye uwezo wa kushinda. Swali la kura ya maoni huulizwa peke yake.

Mafungu hayo hayakupangwa hivi tangu zamani. Mwaka 1967 gavana wa California aliyetia saini sheria ya kulegeza masharti ya utoaji mimba alikuwa Ronald Reagan, Mrepublican. Januari 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua shauri la Roe na kuitambua haki ya utoaji mimba nchi nzima, majaji saba waliunga mkono na wawili wakapinga. Kati ya wale saba, watano walikuwa wameteuliwa na marais wa Republican. Mmoja wa wapinzani, Byron White, aliteuliwa na John F. Kennedy, Mdemocrat. Kufikia 1980 ilani ya Republican ilikuwa ikiunga mkono marekebisho ya katiba ya kuwalinda watoto walio tumboni, na mgombea wake alikuwa Reagan yuleyule. Tangu hapo kila uchaguzi umesukuma nyanya za aina moja upande mmoja: anayepinga utoaji mimba akajikuta amekaa na anayetaka kodi ndogo, na mtetezi wa haki hiyo akajikuta na vyama vya wafanyakazi. Hakuna mantiki ya kifalsafa inayolazimisha ndoa hizo. Zilifungwa na mahesabu ya kura.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko katika neno ambalo kila upande hulipenda: mamlaka ya serikali. Warepublican husema serikali iwe ndogo, na maamuzi yafanywe karibu na wananchi. Mwezi Mei 2017 uamuzi wa karibu na wananchi ulianza kutumika katika jiji la St. Louis: kima cha chini kilipanda hadi dola 10 kwa saa. Bunge la jimbo, lililo mikononi mwa Republican, likapitisha sheria ya kuyazuia majiji kujiwekea viwango vyao. Agosti 28 mwaka huohuo kima cha St. Louis kikarudi dola 7.70. Wademocrat nao wana yao. Wanataka serikali itoke kwenye chumba cha daktari lakini ikae kwenye daftari la mishahara la mwajiri; na baada ya miaka karibu 50 ya kuitegemea mahakama ya Washington, sasa ndio mabingwa wa katiba za majimbo. Haki itendeke hapa: kwa anayeamini kwamba kijusi ni mtu kamili, kukitetea kwa sheria ni kazi ya kwanza ya serikali hata iwe ndogo kiasi gani, na haoni ukinzani wowote katika msimamo wake.

Juni 24, 2022, Mahakama ya Juu iliifuta Roe katika shauri la Dobbs. Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu hiyo, alieleza kwamba suala la utoaji mimba linarejeshwa kwa wananchi na wawakilishi wao waliowachagua. Sentensi hiyo inachukulia kwamba wananchi na wawakilishi ni sauti moja. Missouri ndiko ilikokwama.

Siku ileile ya hukumu, Missouri ilikuwa jimbo la kwanza kupiga marufuku utoaji mimba, kwa sheria iliyopitishwa 2019 na kuwekwa ikisubiri. Iliruhusu dharura ya kiafya tu, aliyebakwa hakutajwa. Hapo wawakilishi walikuwa wamesema. Miaka miwili baadaye, kwa saini walizokusanya wenyewe, wananchi wakasema kinyume.

Haikuwa mara ya kwanza. Missouri ina historia ya ajabu na bima ya afya: sheria iliyoanzisha Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ilisainiwa humo humo, mjini Independence, Julai 1965, Rais Lyndon Johnson akiwa na mzee Harry Truman, mwenyeji wa mji huo. Miongo mitano na zaidi baadaye jimbo lilikuwa miongoni mwa yaliyokataa kuipanua bima hiyo, ingawa serikali ya shirikisho ilikuwa tayari kulipa asilimia 90 ya gharama. Agosti 2020 wapiga kura wakaamuru ipanuliwe. Mwaka uliofuata bunge likakataa kutenga fedha, na ikabidi Mahakama ya Juu ya jimbo iingilie ndipo amri ya wananchi itekelezwe. Mwaka 2018 nao, theluthi mbili ya wapiga kura waliifuta sheria ya bunge iliyolenga kudhoofisha vyama vya wafanyakazi.

Sasa, kwa nini wabunge wanaopingwa hivi hawaadhibiwi? Sababu ya kwanza ni jiografia. Kura za ndiyo hurundikana katika majiji ya St. Louis, Kansas City na Columbia, na kura ya maoni huzihesabu zote pamoja. Mbunge huchaguliwa na eneo lake. Yule wa kaunti za mashamba anayepinga utoaji mimba anawasemea waliomtuma, na hadanganyi akisema hivyo. Sababu ya pili ni mchujo. Katika eneo ambalo Republican haishindwi, uchaguzi wa kweli hufanyika ndani ya chama, miezi kadhaa kabla ya Novemba, na wanaojitokeza ni wachache wenye msimamo mkali. Mbunge huyo anamwogopa mpinzani mkali zaidi yake ndani ya chama kuliko Mdemocrat yeyote.

Kwa hiyo 2025 bunge lilirudi mezani. Likizo ya ugonjwa ilikuwa imepitishwa kama sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida bunge linaweza kuifuta. Julai Gavana Mike Kehoe alitia saini, na kufikia mwisho wa Agosti likizo hiyo ilikuwa imekwisha. Wafanyabiashara wadogo walikuwa wamelalamika kuhusu gharama na makaratasi, malalamiko yasiyo ya kupuuza kwa mwenye duka la watu sita. Dola 15 zilibaki, lakini kipengele cha kuzipandisha kufuatana na bei za bidhaa kiliondolewa. Haki ya utoaji mimba imo ndani ya katiba, na hapo bunge haliwezi kufuta peke yake. Likaamua kuirudisha kwa wapiga kura Novemba 2026, safari hii likiiambatanisha na marufuku ya matibabu ya kubadili jinsia kwa watoto. Maswali mawili yamefungwa pamoja, jibu ni moja. Fungu limeingia hadi kwenye kura ya maoni.

Septemba 2025 bunge likaongeza pendekezo jingine. Hivi sasa marekebisho ya katiba yanayoanzia kwa saini za wananchi hupita yakipata zaidi ya nusu ya kura za jimbo zima. Pendekezo linataka yapate wingi katika kila moja ya wilaya nane za uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Wilaya moja ikikataa, yameanguka. Pendekezo hilo lenyewe, kwa kuwa limetoka bungeni, linahitaji nusu ya kawaida na kura moja ya ziada.