Kisima cha Ndovu, Kisima cha Mama

Visima vilikuwa viwili, hatua chache kati yavyo, katika mto uliokauka upande wa Ikutha, Kitui Kusini. Kimoja kilikuwa kimezungushiwa matawi ya miiba, kata ya kibuyu imelazwa ukingoni, na mitungi ya njano imepangwa foleni ikingoja zamu. Cha pili hakikuwa na ua. Kingo zake zilikuwa zimebonyea, mchanga umetupwa nyuma kwa nguvu, na pembeni pana nyayo za mviringo, pana kama sinia za pilau. Maji ya kisima hiki yalikuwa maangavu kuliko ya kile chenye ua.

"Hicho ni cha ndovu," alisema mama aliyekuwa akichota. "Hiki chetu kilikuja baadaye."

Mimi na mume wangu tulikuwa tumeondoka Nairobi kwa gari letu kwenda kutazama ndege na wanyama wa maji ya Ukambani. Jamaa walitushangaa. Maji gani, Ukambani? Lakini ukifika Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, unakuta chemchemi, migunga ya njano na kongoti juu ya matawi. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haitiririki. Inanywewa na mawe ya volkeno, ikatokea tena chini, hapa Kiboko, kule Makindu, Umani karibu na Kibwezi, na Mzima inakotoka sehemu ya maji ya Mombasa. Umani kuna msitu mzima unaoishi kwa maji hayo, na ndovu yatima wanalelewa humo kabla ya kurudishwa porini.

Hapo Kiboko ndipo mwindaji J. A. Hunter alipojenga hoteli yake. Serikali ya kikoloni ilimtuma Makueni kusafisha nchi ili Wakamba waliosongamana Machakos wahamishiwe huko, na kati ya 1944 na 1946 aliua vifaru 996. Leo vifaru weusi wa Kenya nzima ni takriban elfu moja. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara inanikaa kooni.

Ukitoka Kibwezi unauvuka Athi. Mto huo una viboko na mamba, haukauki, na hubeba uchafu wa Nairobi hadi mlangoni mwa watu wanaounywa. Baada ya daraja, maji yanatoweka machoni. Mito ya upande wa pili ni barabara za mchanga zinazong'aa jua. Hapo ndipo tulipomkuta yule mama. Jina lake aliomba nisiliandike.

Alituketisha chini ya mkuyu na kutueleza kazi yake kwa utulivu wa mtu aliyeifanya tangu utotoni. Kiangazi kimoja kirefu, alisema, wanawake wa kijiji walichimba mahali patatu na hawakupata kitu. Ndovu akaja usiku, akachimba mahali pamoja tu, akanywa, akaenda zake. "Asubuhi tulienda kusimama pale tukatazama. Hakuna aliyecheka. Tukaanza kuchimba karibu naye."

Ndovu hukwangua kwa mguu wa mbele, kisha huingiza mkonga na kutoa mchanga uliolowa kidogo kidogo. Maji ya kwanza ni machafu. Huyaacha yatulie, akasubiri yachujwe na mchanga wenyewe, ndipo akanywa. Mama huyu naye hufanya hivyo hivyo. Huchota maji ya kwanza akayamwaga kando, hukaa, hungoja shimo lijae upya kutoka pembeni, na hapo ndipo kata inapoingia. Ndovu akishaondoka huja nyani, kisha kanga, digidigi, na ndege wadogo wasiohesabika. "Mnyama mdogo hawezi kuchimba futi nne," alisema. "Yule mkubwa anawachimbia wote."

Mume wangu akamuuliza kwa nini basi ua wa miiba uko kwenye kisima kimoja tu.

"Mwanangu, ukimfungia mwenye kiu, atavunja. Yeye namwachia chake. Nami naomba aniachie changu."

Je, huwa anamwachia? Alinyamaza kidogo. Mwaka mwingine huacha, mwaka mwingine hupita shambani akamaliza pojo na mbaazi kwa usiku mmoja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia, na vijijini wanangoja fidia hiyo mwaka hadi mwaka. Nilimuuliza kama angependa ndovu wamalizwe, kama Hunter alivyowamaliza vifaru. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza kiangazi kijacho nani angemwonyesha pa kuchimba. Sijui mwenye shamba lililoliwa wiki hiyo angejibu vipi, na si haki kumjibia.

Juu kidogo ya visima hivyo kuna ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto. Mwethya wa wanakijiji, yaani kikundi chao cha kazi za pamoja, ndio ulioujenga. Wanawake walibeba mawe, fundi akajenga juu ya mwamba. Mafuriko ya Novemba huleta mchanga mzito ukatua nyuma ya ukuta, udongo laini ukapita juu na maji. Baada ya misimu michache unakuwa na akiba isiyofikiwa na jua, kwa sababu robo au zaidi ya mchanga ule ni maji. Kitui ina mamia ya kuta za namna hii, nyingi zilijengwa na wanavijiji pamoja na shirika la SASOL.

Kwa hiyo mchanga huu ndio ardhi oevu ya Ukambani. Ukiuzoa, umezoa maji ya mama huyu, ya ndovu, ya kanga. Na unazolewa. Malori huja usiku, hupakia, na kabla ya mapambazuko yako njiani kuelekea kwenye majengo ya Nairobi. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti mwaka 2018. Sheria ziko. Mama alituonyesha kwa mkono bonde la jirani, ambako mchanga uliisha na mwamba ukabaki wazi. Wanawake wa huko sasa hutembea hadi kwake.

"Ndovu nao hawaendi kule tena," alisema.

Wewe unayejenga Syokimau au Kitengela, kabla ya kulipia lori la mchanga, mwulize dereva mchanga huo umetoka mto gani na nani alimpa kibali. Akishindwa kujibu, usinunue.