Modemu Pekee Si Mlinzi: Weka Fayawoli

Mawakala wa forodha na wenye maduka hapa mpakani hutuma hati na fedha kwa intaneti ya kebo. Fayawoli ni kifaa kinachokagua mawasiliano yaingiayo na yatokayo, mithili ya kizuizi cha barabarani.

Zima modemu kwanza, kwani nyingi hukumbuka kifaa kilichotangulia kuunganishwa. Chomeka waya wa modemu katika tundu la fayawoli lenye alama ya WAN, na kompyuta zote katika matundu ya LAN. Asalie nje mmoja, lango halina maana. Washa modemu, subiri taa zitulie, ndipo uwashe fayawoli.

Badilisha nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo: wahalifu huijua. Ukiibiwa mtandaoni, usifute chochote. Wahi kituo cha polisi kilicho karibu.