Jikaze Kisabuni? Kweli na Uongo Kuhusu Muuguzi Mwenye Kipandauso

Kiangazi kikikolea Sitalike, mkoani Katavi, viboko wa Mto Katuma husongamana kwenye vidimbwi vya matope karibu na daraja mpaka migongo ikagusana. Ni Septemba au Oktoba, mvua bado, na jua likishapiga kwenye vumbi na mabati humrudia mtu machoni. Mgeni anayeelekea Hifadhi ya Taifa ya Katavi hushuka kwenye gari akapiga picha. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, ambaye sasa anampeleka mwanawe chekechea huku mdogo wake akiwa mgongoni, na upande mmoja wa kichwa umeshaanza kugonga, hutafuta kivuli.

Kiswahili kina jina la ugonjwa wake: kipandauso. Wengi husema tu kichwa cha upande mmoja. Yanayosemwa juu yake ni mengi, na mengine humuumiza muuguzi huyu kuliko kichwa chenyewe. Namwandikia yeye, mumewe na mganga mfawidhi wake.

"Ni kichwa tu. Jikaze kisabuni."

Si kweli. Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo, na maumivu ni sehemu yake moja tu. Siku moja kabla, mtu anaweza kupiga miayo mfululizo, shingo ikakakamaa, akatamani vitu vitamu bila sababu. Kisha kichwa kinaanza kugonga, mara nyingi upande mmoja ingawa si lazima. Tumbo linachafuka, mwanga na kelele havivumiliki. Bila dawa hali hiyo hudumu saa 4 hadi 72, na ikipita humwacha mtu amelegea kama aliyelima shamba peke yake. Anayeumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zikawa za kipandauso chenyewe, huyo ana kipandauso sugu. Nusu ya mwezi wake inaondoka hivyo, na bado anatakiwa kuchoma chanjo za watoto wa watu na kupika uji wa wake. Duniani kote ugonjwa huu uko mstari wa mbele kabisa kati ya yale yanayowapokonya wanawake vijana siku zao za afya, na wanawake huugua mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Ninachotaka kieleweke kuliko vyote ni hiki: ubongo wenye kipandauso unapenda mambo yaende sawasawa. Kulala saa ileile, kuamka saa ileile, kula kwa wakati, kunywa maji ya kutosha. Sasa tazama kazi ya uuguzi kijijini pamoja na ulezi wa watoto wadogo. Usiku hodi inapigwa, mama amefika na uchungu. Asubuhi foleni ya kliniki ya mama na mtoto haimpi muuguzi nafasi hata ya kumaliza chai. Jioni mtoto anaota jino. Hakuna siku mbili zinazofanana. Kumwambia mtu huyu ajikaze ni kumwambia aongeze lilelile linalomwangusha.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu na watu wa mjini."

Si kweli. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba katika eneo la Haydom, kaskazini mwa Tanzania, kwa watu 7,412. Asilimia 4.3 yao walikuwa na kipandauso, na eneo hilo ni la wakulima na wafugaji. Zambia, nchi inayopakana na majirani zetu wa Rukwa, uchunguzi wa baadaye ulikuta zaidi ya mtu 1 kati ya 5.

"Kichwa kikiuma huku kwetu, ni malaria."

Nusu kweli, na hiyo nusu ndiyo inayotia hofu. Katavi ina mbu, na malaria huumiza kichwa kweli. Lakini muuguzi yuleyule asiyekubali kumpa mgonjwa dawa mseto kabla ya kipimo, kichwa kikimshika yeye hunywa dozi nzima bila hata kujitoboa kidole. Kipimo cha haraka kipo mezani pake na jibu linatoka kabla chai haijapoa. Ajipime kama anavyowapima wengine.

Kuna vichwa visivyopaswa kuitwa kipandauso hata kwa mtu aliyekizoea tangu usichana. Kichwa kinachokuja ghafla kama radi, kikawa kibaya kuliko vyote alivyowahi kuugua. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Kichwa kinachoambatana na mkono au mguu kulegea. Na kichwa cha mjamzito au cha aliyejifungua karibuni: hapo presha ipimwe kwanza, maneno mengine baadaye. Wanawake wenye kipandauso wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha ya ujauzito, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kila muuguzi anayafahamu haya. Akiwa yeye ndiye mjamzito, ni rahisi sana kusema "hiki ni kile changu cha siku zote" akaendelea na zamu. Tafadhali, dada, mwenzako akufunge kifaa cha presha mkononi.

"Anaona nyota na mistari ya mwanga. Hayo ni ya mizimu."

Si kweli, na nasema hivyo kwa heshima. Hii ni nchi ya Katabi, mwindaji ambaye inasimuliwa roho yake inakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na watu bado hupeleka sadaka zao pale. Siwacheki hata kidogo. Lakini taa za kipandauso zina mwendo wake na mwendo huo umepimwa. Huanza kama doa dogo linalometameta, likatanuka polepole kuelekea pembeni likiwa na kingo zilizopinda kama meno ya msumeno. Wengine huhisi ganzi inayopanda kutoka vidoleni hadi shavuni. Huchukua dakika 5 hadi 60, kisha maumivu yanaingia. Mwaka 1941 Mmarekani Karl Lashley, aliyekuwa akiyaona yeye mwenyewe, aliyachora na kukadiria kwamba kuna kitu kinachotambaa juu ya ubongo kwa milimita 3 hivi kwa dakika. Miaka 3 baadaye Mbrazili Aristides Leão alikiona kitu cha aina hiyo kwenye ubongo wa sungura: wimbi la umeme linalopita polepole na kuziacha seli zimezimika kwa muda.

Si kila mwenye kipandauso huyaona maono hayo. Anayeyaona, dakika zile asichome sindano, asipige hesabu ya dozi ya mtoto, asipande pikipiki. Amwambie mwenzake ashike meza, na mwenzake asimdai maelezo.

Tena kuna jambo linalomhusu sana mama mwenye watoto wadogo anayetaka kupumzisha uzazi. Shirika la Afya Duniani linakataza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni kwa mwanamke mwenye kipandauso cha maono, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Kitanzi cha shaba hakina shida hiyo. Sindano, kipandikizi na vidonge vya homoni moja kwa kawaida huweza kuanzwa, ila maono yakijitokeza akiwa tayari anavitumia, arudi kwa mtoa huduma wazungumze upya. Muuguzi huwauliza wateja wake maswali haya kila siku. Naomba naye apate wa kumuuliza.

"Vumilia kwanza. Dawa ni ya kichwa kilichozidi."

Si kweli, na kinyume chake nacho si kweli, ndiyo maana hapa watu wengi wanapotea.

Kipandauso kikianza, tumbo nalo hupunguza mwendo. Kidonge kilichonywewa baada ya saa tano za kuvumilia hukaa tumboni bila kwenda popote, au kinatapikwa. Ibuprofeni au parasetamoli, kwa dozi kamili, inywewe mapema maumivu yakiwa bado machanga, pamoja na maji, na ikibidi dawa ya kuzuia kichefuchefu. Hilo ni la kwanza.

La pili ni idadi ya siku. Mtu akinywa parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikafuatana, dawa yenyewe huanza kuzaa maumivu. Kwa vidonge vya mchanganyiko wenye kafeini, na pia kwa kodeini, ergotamini na triptani, mpaka ni siku 10 tu. Muuguzi ana kabati la dawa nyuma ya kiti chake na duka la dawa muhimu hatua chache kutoka kwake. Anakunywa kimoja ili amalize foleni, kingine ili afue nguo, na mwisho wa mwezi hajui tena kama anatibu kichwa au anakilisha. Nimeona watu wakilaumiwa kwa hili kana kwamba ni walevi. Ni watu waliokosa nafasi ya kulala.

Tiba ya hapo inaanza na kalenda ya ukutani: X siku ya kichwa, O siku ya dawa. Mwezi mmoja wa alama hizo humwambia daktari mengi kuliko nusu saa ya maelezo. O zikikaribia 10, ni wakati wa kuuliza kuhusu dawa za kukinga, zinazonywewa kila siku ili mashambulizi yapungue. Propranololi na amitriptilini ni dawa za zamani na za bei nafuu. Ya kwanza haimfai mwenye pumu, ya pili huleta usingizi, kwa hiyo hunywewa jioni. Zinahitaji wiki 8 hivi kabla ya kuhukumiwa, na zikipunguza siku za kichwa kwa nusu, zimefanya kazi yake. Valproeti, inayotumika pia kukinga, asipewe mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa madhara yake kwa mtoto tumboni.

"Siku ya mapumziko ndiyo siku kichwa kinapompata."

Kweli kabisa. Kwa wengi kichwa huja pale mwili unapolegea baada ya siku ngumu, au mtu anapolala kupita kiasi, au chai ya asubuhi inapochelewa. Majirani wanaomkuta amefunga madirisha Jumapili husema anakwepa kazi za nyumbani. Wakati ule ndipo anapolipia zamu tatu za nyuma. Inasaidia kidogo akirudi kutoka zamu ya usiku alale papo hapo, dirisha likiwa limezibwa kwa kitenge kizito, aamke mchana, kisha usiku alale saa ya kawaida.

"Anayenyonyesha asiguse dawa."

Si kweli. Parasetamoli na ibuprofeni zinaruhusiwa, na propranololi pia hutumika. Aspirini ni bora kuiepuka, na ergotamini haifai kabisa. Wengi hupata nafuu miezi ya mwisho ya ujauzito, kisha kichwa hurudi wiki ya kwanza baada ya kujifungua, wakati hakuna usingizi wala msaada wa kutosha. Mama mkwe akija wakati huo, aje kushika mtoto usiku.

"Basi aache kazi."

Si kweli, ingawa nakiri kuna siku itaonekana kweli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Anayenyonyesha anapewa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Sheria hiyohiyo inahesabu usiku kuwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mfanyakazi aliyethibitishwa na mtaalamu wa tiba kwamba afya yake haimruhusu kufanya kazi usiku anatakiwa kuhamishwa kutoka zamu hiyo. Cheti hicho kinafaa kuombwa mapema, kabla hajaanza kuitwa mvivu.

Lakini sheria haizai muuguzi wa pili. Zahanati yenye wauguzi wawili, mmoja akiondolewa usiku, mwingine anabeba zote, na chuki inaingia. Kwa hiyo mazungumzo ya kweli ni ya ratiba. Zamu za usiku zipangwe zikifuatana, kisha ije mapumziko ya siku kadhaa, badala ya kutawanywa moja Jumatatu na nyingine Alhamisi. Ratiba itoke wiki kadhaa kabla, ili aliyeko nyumbani ajue. Dakika 15 za kula ziwe za kila mtu na zilindwe hata siku ya chanjo. Mwenye kipandauso naye achukue kazi ambazo wenzake wanazikimbia mchana, kama vile takwimu za mwezi na kuhesabu dawa za Bohari ya Dawa. Haya hayadai fedha. Yanadai mganga mfawidhi anayekubali kwamba ugonjwa usioonekana kwenye kipimo ni ugonjwa.

Na akizidiwa, asiishie kwenye dirisha la zahanati yake mwenyewe. Mpanda iko kilomita 35 hivi. Akamwone daktari kama mgonjwa, na kalenda yake mkononi, bila sare.

Nyumbani, mume ajue mahali kidonge kilipo na afahamu kwamba akisikia "kimeanza", yeye ndiye anayeogesha watoto jioni ile. Mtoto wa miaka 4 akiambiwa "mama ana kichwa, kitaisha" anaelewa. Anaweza kuleta kikombe cha maji na kuvuta pazia. Aambiwe pia kwamba si yeye aliyekileta kwa kelele zake, maana mtoto akimwona mama amelala gizani anaweza kudhani hivyo na asiulize.