Makuta ya koperative yalale wapi?



Mara nyingi hapa tunaongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunaongea juu ya makuta. Wengine watauliza: ma-agronome wanatafuta nini katika mambo ya banki? Tunaingia kwa sababu tumeona mashamba mazuri yakianguka kwa kukosa makuta kidogo kwa wakati wake. Mbegu iko, mvua imefika, lakini mwenye shamba hana hata franka ya kulipa watu wa kulima.

Angalieni mwaka wa mkulima wa huku kwetu Kivu. Msimu wa A unaanza mwezi wa tisa. Mwezi huohuo watoto wanarudi masomoni, na minervali inadaiwa. Njo wakati ule mchuuzi anapita na makuta mkononi, ananunua maharagi ambayo hayajatoa hata ua. Wakati wa kuvuna anarudi kubeba magunia kwa bei aliyoipanga yeye mwenyewe. Anayemkataa mchuuzi anaishia kwa Bank Lambert, na munajua wenyewe kwamba hiyo haina jengo wala dirisha: ni mtu tu wa mtaani anayekopesha kwa faida kali.

Tupige hesabu. Mama mmoja anahitaji dola 50 kwa miezi minne. Bank Lambert akimuomba 30 kwa mia kila mwezi (na wengine wanaomba hata 50), ni dola 15 kwa mwezi, mara nne ni 60. Atarudisha dola 110. Tuseme COOPEC ya karibu inaomba 3 kwa mia kwa mwezi: ni dola moja na nusu, mara nne ni dola 6. Atarudisha 56. Ile tofauti ya dola 54 ilikuwa maharagi yake, jasho lake mwenyewe, na imekwenda kwa mtu ambaye hakushika jembe.

Kwa nini basi asiende kwenye banki kubwa ya mjini? Aende, kama iko tayari kumupokea. Kwanza kuna nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi imepotea. Kisha watamuuliza karatasi ya mshahara ao hati ya shamba, lakini wengi wetu tunalima udongo wa mila, ambao tulipewa na chifu ao na baba zetu, bila hati yoyote ya serikali. Pale dirishani yeye ni mgeni.

COOPEC, ile koperative ya akiba na mikopo, inafanya kazi kwa njia ingine. Unaingia kwa kulipa hisa yako, unakuwa mwenye nyumba pamoja na wengine. Katika mkutano mkuu kila mwanachama ana kura moja, hata kama ameweka dola 10 na jirani ameweka 1 000. Na wale wanaojifunza ombi lako la mkopo wanajua kilima unachokaa. Wanajua kama shamba lako linalimwa kweli. Kwa hiyo wanaweza kukubali garanti ambayo banki ya mjini haiwezi kuipima: miezi ambayo umeweka akiba bila kukosa, na wenzako wanne ao watano wanaokusimamia. Wanajua tena kwamba maharagi hayalipi mwezi wa kumi. Muombe mpango wa kurudisha unaofuata mavuno. Tumeona mikopo ya kilimo inayodai malipo tangu mwezi wa kwanza wa mkopo. Mkopo wa namna hiyo unamulazimisha mkulima kuuza mbuzi ili kulipa deni la mbegu.

Sasa tufike kwa makuta ya kikundi chenyewe. Hapa tutasema wazi, hata kama ma-prezidenti watakasirika kidogo. Koperative moja ya kahawa tunayoijua iliweka makuta ya kampanye yote nyumbani kwa mtunza makuta wake. Wezi walikuja usiku. Yule baba hakuwa mwizi, na bado tunamuamini, lakini mpaka leo kuna wanachama ambao hawamusalimu. Makuta yangekuwa COOPEC, kwa konti yenye sahihi tatu, wezi hawangepata kitu, na yeye angelala bila woga. Kufungua konti ya kikundi kunaomba karatasi: statuti, barua ya mkutano uliochagua komite, na mara nyingi namba ya kuandikishwa. Muanze kuzitafuta sasa.

Kuna faida ingine ambayo sisi tunaipenda sana, kwa sababu inagusa ghala. Wakati wa mavuno kila mutu anauza maharagi, na bei ya Guigoz moja inaanguka. Miezi mitatu ao minne nyuma, inapanda. Kikundi chenye depo nzuri kinaweza kukubaliana na COOPEC: magunia yanafungiwa kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja wa kikundi, mwingine wa COOPEC, na mkulima anapata mkopo wa sehemu ya bei ya siku ile. Bei ikipanda anauza, analipa, tofauti ni yake. Banki ya mbali haitatuma mutu kuja kuhesabu magunia yenu. Lakini maharagi yawe makavu kweli, na mifuko ifungwe vizuri. Mzigo ukiliwa na wadudu, deni linabaki.

Hatutaki kuficha upande mwingine. Udogo wa COOPEC njo nguvu yake, na njo ubaya wake. Wanachama wote wakiwa wakulima wa kilima kimoja, mvua ya mawe ikipiga, wote wanashindwa kulipa mwaka mmoja, na wote wanataka kutoa akiba siku moja. Kwa hiyo ulizeni kama ndani kuna pia walimu, wachuuzi, washonaji. Zimekwisha kuonekana COOPEC zilizofunga mlango na akiba za watu ndani, mara nyingi kwa sababu wakubwa walijikopesha wenyewe na hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo, mbele ya kuweka franka ya kwanza, muombe kuona ruhusa ya Banque Centrale du Congo. Tangu sheria ya mwaka 2002, COOPEC ziko chini ya uangalizi wake. Kila makuta mnayoweka yaandikwe katika kitabu chenu mbele ya macho yenu, si kesho. Siku ya mkutano mkuu muende, na muulize mikopo mingapi imechelewa kulipwa na nani amekopa. Muulize pia kama wanapokea akiba ya dola, maana franka iliyolala mwaka mzima inaweza kuamka imekonda. Na mutu akiwaahidi kwamba makuta yenu yatazaa mara mbili kwa miezi michache, mukimbie. Wazee waliokuwa Kinshasa wanakumbuka Bindo Promotion ilivyowaacha watu mwaka 1991.

Wale ambao COOPEC bado iko mbali nao, waanze na AVEC ya kijiji, lile sanduku la kufuli tatu. Daftari la AVEC lililoandikwa vizuri ni kitu cha kwanza ambacho COOPEC itapenda kuona siku mutakapofika.

Kwa msimu wa A, muombe mkopo tangu mwezi wa saba. Komite ya mikopo inakaa kwa tarehe zake, na ombi la mwezi wa tisa linajibiwa wakati jirani amekwisha kupalilia.